Mwaka wa Tangi la Jineri

Masanja alinipigia simu saa mbili asubuhi, mikono yangu ikiwa na povu la vyombo, akasema Fundi Bakari amefariki alfajiri na atazikwa alasiri hiyohiyo. Nilitoka Mwanza kama nilivyokuwa, nikafika Bariadi mwili ukiwa bado ndani. Akina mama walinisogezea nafasi kwenye mkeka. Wengi sikuwafahamu, na wao hawakunifahamu. Tukiwa tunasubiri, mmoja wao akaanza kumsimulia mwenzake habari ya tangi. Alisema zamani marehemu alikuwa na kazi kubwa, akijaribu vifaa vya kupumulia vya wazamiaji, mpaka siku moja binti mmoja wa kijiji cha Binza, aliyewekwa mezani kuwasikiliza walioko majini, akasinzia, na mtu akafia chini. Mwenzake akamkatalia: binti hakusinzia, alifunga hewa makusudi. Nilikaa pale nimekunja miguu. Binti wa Binza ni mimi. Mtu wanayesema alikufa ndiye aliyenipigia simu asubuhi ile, na wakati huo alikuwa nje uani amekaa na wanaume. Mke wa marehemu, Mama Zuhura, aliyasikia yote. Aliniangalia mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimemaliza chuo cha ufundi, nimesomea pampu na injini ndogo. Mkoa wa Simiyu ulikuwa mchanga, ofisi zake nyingine zikiwa kwenye nyumba za kupanga, vibao vya mlangoni vikinuka rangi. Kampuni moja ilikuwa imepewa kazi ya kutandika mabomba ndani ya ziwa, upande wa Busega, na kazi ile ilihitaji watu wa kushuka chini ya maji na kufunga bolti kwa saa nyingi. Maji ya ziwani ni ya tope, mtu huoni hata kiganja chako. Kwa hiyo vifaa vililetwa kwanza Bariadi, kwenye jineri ya zamani iliyoacha kuchambua pamba, kwa sababu jineri ile ilikuwa na tangi kubwa la saruji lililojengwa kwa ajili ya zimamoto. Lilikuwa na kina cha mita tano. Maji yake yalikuwa meupe, ungeweza kuona msumari ulioanguka chini. Kila barakoa, kila mpira wa hewa na kila kompresa ya kusukuma hewa ilijaribiwa pale, mtu akiwa ndani ya maji, kabla haijaruhusiwa kwenda ziwani.

Aliyekuwa anaruhusu au kukataa ni Fundi Bakari, mzamiaji wa zamani kutoka Tanga, mwenye mabega mapana na mvi za kidevuni tu. Siku ya kunisaili hakugusa vyeti vyangu. Alinisimamisha mbele ya dirisha, mwanga ukinipiga usoni, akaniambia nimweleze pampu inavyovuta maji. Nikaeleza. Alinitazama bila kupepesa mpaka nikaona aibu. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili chake cha pwani, kwamba ninafungua mdomo ninapoongea na kwamba hilo ni jambo jema, maana watu wengi wa huku huongea meno yamefungwa. Nilidhani anakisifu Kiswahili changu. Nilirudi kwenye chumba nilichopanga kwa Mama Nkwimba nikiwa na furaha ya kijinga, nikamhadithia, naye akacheka akasema basi michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imenisaidia kulegeza taya.

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya marobota ya pamba iliyobomolewa ukuta mmoja ili iangalie tangi. Palikuwa na meza, daftari, saa ya ukutani na simu ya mawasiliano, yaani kisanduku chenye waya ulioshuka mpaka kwenye barakoa ya mzamiaji. Mimi nilivaa hedifoni. Kila baada ya dakika mbili niliuliza, "Uko sawa?" Aliyeko chini akijibu "Sawa," niliandika sawa, na saa, na geji inasomaje. Fundi alisimama upande wa pili wa meza, akinielekea, na kila nilichoandika alikisoma kabla wino haujakauka. Mara mojamoja aliomba hedifoni, akaziweka masikioni, akatazama maji, akatikisa kichwa na kunirudishia. Sikuwa nimekutana na mtu makini kiasi kile. Hewa ya kompresa aliipuliza kwenye kitambaa cheupe kuangalia mafuta. Akiona doa dogo tu, mashine inarudi ilikotoka. Siku moja alikataa barakoa zote za shehena nzima. Meneja wa kampuni alikuja amefura, akamfokea mbele yetu, na Fundi alimtazama kwa utulivu mpaka yule bwana akaishiwa maneno, kisha akasema, "Hizi haziendi." Wazamiaji waliokuwa wamekaa kivulini mchana ule wakamwekea kipande kikubwa cha sato kwenye sahani yake.

Tulikula pamoja, watu saba au wanane, chini ya bati la karakana. Ugali, sato au mlenda, na asubuhi michembe iliyochemshwa na karanga, ambayo Fundi mwanzoni alisema ni chakula cha mitume, lakini baadaye hakuishi kuiulizia. Siku zote alikaa mgongo ukutani, akituona wote. Redio yake iliunguruma mpaka bati likatetemeka, na hakuna aliyemwambia apunguze. Simu yake ikitetemeka, alimpa mtu apokee, akisema mtandao wa Bariadi unamkera. Aliyenichekesha kuliko wote alikuwa Masanja, mzamiaji kutoka Mkula, kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Alikuwa na ng'ombe wachache na aliwasema kama watu wasemavyo mashemeji. Akiwa chini ya tangi, baada ya kujibu sawa, aliendelea kuniambia habari za ng'ombe wake mmoja mwekundu asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine ila mke wake, hata yeye Masanja akijifunga kitenge kumdanganya. Aliniita mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama, ingawa tulilingana umri. Wazamiaji wote walikuwa hivyo. Waliniambia kwenye waya mambo madogomadogo: mpira unabana kidogo, hewa ina joto, leo kichwa kizito. Nilijiuliza kwa nini hawamwambii Fundi mwenyewe wakitoka. Niliona ni heshima.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Kompresa mpya ilikuwa imefika, ya injini ya petroli, nzuri, bado imefungwa nailoni. Tuliiwasha nje, kitambaa kikatoka cheupe, Masanja akashuka. Alitakiwa kukaa saa moja. Dakika ya ishirini mvua ikaanza, ile ya matone makubwa, na vijana walioshika kamba ya mzamiaji wakaisukuma mashine chini ya bati isilowe, karibu na ukuta. Nilifurahia ile mvua. Nilisogeza daftari, nikaendelea kuuliza na kuandika. Hakuna aliyewaza kwamba moshi wa injini, uliokuwa ukipeperuka nje, sasa unagonga ukuta na kurudi, na kwamba mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa unauvuta na kuupeleka chini kwa mtu. Moshi ule hauachi doa kwenye kitambaa. Geji haiusomi.

Dakika ya arobaini na mbili nikauliza, "Uko sawa?" Akajibu, "Mhola." Hilo ni jibu la salamu kwa Kisukuma, maana yake salama. Kazini hakuwahi kulitumia. Nikauliza tena bila kungoja. "Mhola duhu," akasema, taratibu na kwa upole, kama mtu anayemjibu bibi yake akiwa amelala nusu. Salama tu. Nilimwangalia Fundi, nikamwambia sauti ya Masanja imebadilika, anajibu Kisukuma, sijui ana nini. Fundi akanyoosha mkono. Nikampa hedifoni. Alizibana masikioni kwa viganja viwili, akatazama maji yaliyokuwa yakirukaruka kwa mvua, akasikiliza kwa muda ambao mpaka leo nikiufikiria naona mrefu kuliko mwaka wenyewe. Kisha akazivua.

"Yuko sawa," akasema. "Andika."

Niliandika sawa. Yeye alikuwa na miaka thelathini ya maji, mimi nilikuwa na miezi mitano ya meza. Dakika mbili zikapita, nikauliza, nikasikia mhola, nikaandika sawa. Dakika mbili nyingine, nikauliza, nikasikia pumzi tu, fupi fupi, na nyuma yake kitu kama mtu anacheka kwa ndani. Sikuuliza mtu tena. Nilivua hedifoni, nikakimbilia kwenye kamba, nikaanza kuvuta, na vijana waliponiona navuta peke yangu mvuani wakaikamata nao. Masanja alikuja juu mzito kama gunia. Tulipomvua barakoa macho yalikuwa wazi na hayakumtazama mtu. Nilikuwa nadhani mtu anayekosa hewa hupigana, hugonga, huita. Huyu alikuwa anatabasamu. Kilichonishtua kuliko kitu chochote maishani ni kwamba mtu alikuwa anakufa mbele yangu akiniambia salama, na mimi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, mara mbili, kwamba ni salama.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Mimi na Fundi tulisubiri kwenye korido, nguo zikitudondoka maji. Mvua ilikuwa imekatika na palikuwa kimya. Fundi alisimama akiangalia nje dirishani, mgongo kwangu. Nikamuuliza alisikia nini kwenye ile simu. Hakujibu. Nikadhani amekasirika. Nikauliza tena kwa sauti ya juu, muuguzi aliyekuwa mwisho wa korido akageuka kunitazama. Fundi hakugeuka. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nikaita jina lake. Nikaita tena. Nikamzunguka nikasimama mbele yake, naye akanikazia macho, lakini hayakuwa kwenye macho yangu. Yalikuwa kwenye mdomo.

"Fundi," nikasema, "ulisikia nini?"

Akasema hakusikia kitu, kwamba hasikii kitu tangu miaka mitatu iliyopita. Sikio moja lilipasukia majini, la pili likazimika polepole. "Nilikutazama uso," akasema. "Nikaona hofu. Nikadhani ni ugeni wa kazi." Alisema hivyo na kurudi dirishani. Nilibaki nimesimama, na vitu vikaanza kujipanga kichwani kimoja baada ya kingine: dirisha la siku ya usaili, kiti cha ukutani, redio, simu zinazopokelewa na wengine, daftari linalosomwa kabla ya kukauka. Miezi mitano nilikuwa nimekaa mbele ya kiziwi na sikujua.

Masanja alipata fahamu jioni. Siku tatu hakumtambua mkewe. Ya nne akamtambua, lakini mikono ilikuwa inatetemeka hata kushika kikombe, na daktari akasema asirudi majini tena. Kampuni ilikaa kikao. Ikaonekana ni mvua, ikaonekana mashine iliwekwa mahali pabaya, na taarifa aliyoandika Fundi ikaongeza kwamba simu ya mawasiliano ilikuwa na mikwaruzo siku ile, sauti haikusikika vizuri. Niliisoma ile sentensi mara nyingi. Simu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilitakiwa nisaini chini kama shahidi. Nilimweleza Mama Nkwimba, tukiwa tunachambua mchele uani kwake. Aliuliza Fundi ana watoto wangapi. Nikamwambia mmoja, Zuhura, bado mdogo. Akaendelea kuchambua, akasema kwamba kama aliyelala ameamka, nisimuue aliye macho. Nikasaini. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ile nilikaa mezani mara mbili na kuvaa hedifoni, na mara zote mbili niliuliza kila dakika badala ya kila dakika mbili. Jumapili nikaenda Mkula. Nilitaka asikie kutoka kwangu mwenyewe. Nilimkuta kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Nikamsalimia, "Mwadila," akaitikia vizuri, na mkewe akatuletea maziwa ya mgando. Nilimwambia yote: hedifoni, "yuko sawa, andika," korido, taarifa niliyosaini. Nilisema Fundi Bakari hasikii. Nilingoja ashtuke. Masanja aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Tunajua, mayu," akasema. "Wote tunajua. Tulidhani na wewe unajua."

Nilimwambia sielewi. Akanieleza polepole, akitafuta maneno, maana yalikuwa yanamponyoka. Kabla ya Fundi Bakari alikuwepo mtu mwingine, mwenye masikio mazima, na huyo alikuwa hakatai kitu. Kila kilicholetwa kilipita. Mpira wa mzamiaji mmoja ulipasuka ziwani, akapona kwa bahati. Akaja Fundi, na wao walimgundua ndani ya wiki moja, lakini wakaona anakataa vifaa vibovu hata meneja afoke vipi. Wakakubaliana wanyamaze. Bora kiziwi anayekataa, akasema, kuliko mwenye masikio anayesaini. Shida yao ilikuwa simu tu. Nilipoletwa mimi wakashukuru, wakasema sasa Fundi amepata sikio. Ndiyo maana kila kitu waliniambia mimi. Walidhani nimepewa kazi ile nikiijua, na kwamba siku nikisikia baya nitasema mtoeni, basi, mtu atatolewa.

Nilikaa pale kama niliyepigwa rungu. Wazamiaji wote walikuwa wameshuka kwenye maji yale wakiutegemea uamuzi wangu, na mimi pekee ndiye sikuambiwa kwamba ni wangu. Masanja akaniuliza, bila hasira, yeye mwenyewe alisema nini kule chini, kwa sababu hakumbuki kitu. Nikamwambia alisema mhola duhu. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Jumatatu nilisimama mbele ya Fundi, mahali ambapo anauona mdomo wangu, nikamwambia saa nne nakwenda kwa meneja, na kwamba nitamngoja mpaka hiyo saa nne. Hakubisha. Alimaliza kuosha barakoa iliyokuwa mikononi mwake, akaifuta, akaitundika, akatangulia. Ofisini alisema mwenyewe, kwa maneno machache na bila kujitetea, na akasema pia kwamba mikwaruzo ya simu aliitunga. Meneja aliinamia makaratasi. Aliuliza maswali kichwa kikiwa chini, kalamu mdomoni, na Fundi hakuweza kumsoma. Akageuka akanitazama mimi. Nikaelewa anachotaka. Swali la kwanza nikamrudia, naye akajibu. La pili nikamrudia. La tatu halikuwa swali.

"Anasema uache funguo leo," nikamwambia.

Alizitoa mfukoni akaziweka mezani. Alinishukuru. Sijasahau hilo: alinishukuru, kwa kuwa nilitamka vizuri.

Aliyeletwa baada yake alikuwa na masikio, na kama walivyoogopa wazamiaji, alikuwa mwepesi wa kusaini. Lakini wazamiaji walikwenda kwa meneja wakasema hawashuki mpaka mimi niwe na neno la mwisho mezani, na meneja, ambaye kazi yake ilikuwa imechelewa, akakubali. Nilikataa vitu vingi miezi ile. Nilichukiwa. Swali la uko sawa niliacha kuliuliza, kwa kuwa nilishajua mtu anaweza kulijibu akiwa hayupo. Badala yake nilimwambia aliyeko chini anitajie ng'ombe wa nyumbani kwao mmoja mmoja kwa rangi zao, au asiye na ng'ombe anihesabie kurudi nyuma kutoka hamsini, na aliyekwama mara mbili nilimtoa, hata akinitukana. Mwisho wa mwaka mabomba yalikamilika, tangi likafunguliwa maji yakaenda mtaroni, na mimi nikahamia Mwanza, ambako mpaka leo naishi kwa kazi hiyohiyo ya kukagua vifaa vya wazamiaji.

Fundi Bakari hakurudi Tanga. Alifungua banda la kutengeneza pampu na baiskeli, mtaa wa pili kutoka jineri. Kwa miaka mingi nilipita Bariadi bila kuingia kwake. Masanja aliingia, yeye alimsamehe mapema, au labda hakuwahi kuona cha kusamehe. Mwaka jana akaniambia sukari imemharibu Fundi macho, haoni tena. Sikulielewa sawasawa mpaka nilipofika mwenyewe. Mtu aliyekuwa anasikia kwa macho alikuwa amefungiwa milango yote miwili. Alikaa kitandani, amenyooka, msafi, uso umeelekea ukutani. Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu, alimchukua mkono, akamfungua kiganja na kuandika kwa kidole, herufi moja moja, jina langu. Alimaliza, na mzee akakifunga kiganja kama mtu aliyepewa kitu.

"Kabula," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nilikudanganya hospitalini. Nilisema nilidhani ni ugeni wa kazi. Si kweli. Nilikutazama uso nikajua mtu anakufa kule chini. Lakini ningesema mtoeni, wangeniuliza nimesikia nini. Nikaona haya. Nikasema ningoje kidogo, labda itapita."

Zuhura aliangusha kikombe cha dawa alichokuwa amekichukua mezani, dawa ikamwagika kwenye shuka, na hakuna aliyeifuta. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi nikiamini alikosea tu, kumbe alijua. Nilitafuta hasira nikaikosa, nikatafuta huruma nayo sikuipata haraka. Mzee aligeuza uso huku na huku, akitafuta nilipo.

"Umenisikia?" akauliza.

"Nimekusikia," nikasema, kwa sauti, nikifungua mdomo vizuri. Akauliza tena.